Kisanduku Katika Chumba cha Mkwe

Nyumba tukaayo, iliyo penye kona ya kichochoro kimoja cha Kiponda katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilijengwa na watu waliokuwa na mambo matatu ya kuyazuia, yaani jua, kelele na macho ya wapita njia. Na kwa kuwa walikuwa watu wa kweli katika kazi yao, waliyazuia yote matatu kwa kuta za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, zenye unene wa dhiraa nzima, takriban nusu mita, ambazo hata mchana wa kaskazi ukiziegemea mgongo hupoa. Hawakujua, wala haikuwapasa kujua, kwamba siku moja atatokea mtu atakayetaka kitu kipenye humo ambacho si jua, si kelele wala si jicho, naye atakaa ghorofani na kompyuta mapajani akiwalaumu marehemu kwa kosa la kufanya kazi nzuri.

Tena si unene peke yake. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko, ingawa ni mti wenye sifa zake, haunyooki kwa kadiri ya tamaa ya binadamu; boriti njema haizidi sana mita 3, na kwa sababu hiyo chumba, hata kiwe cha tajiri wa karafuu, huwa kirefu upande mmoja na chembamba upande wa pili. Anayetaka nafasi zaidi sharti aongeze chumba, na aongezaye chumba ameongeza ukuta. Nimehesabu: kutoka mlango wa mbele hadi pembe ya ghorofa ya juu niliyoifanya ofisi kuna kuta nne na dari mbili, na kila dari ni boriti, mawe na chokaa iliyotwangwa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mkosa wa kwanza katika kisa hiki ni mti uliomea matopeni. Mkosa wa pili ndiye mimi.

Fundi aliyetuletea ruta alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Waya wake ulikuwa umeingilia mlango wa mbele, na maadamu waya uliishia hapo, hakuona sababu ya ruta kwenda mbali nao. Akaipigilia chini ya ngazi, akaiwasha, taa zikapepesa kijani, akanionyesha simu yake jinsi ilivyokamata vizuri, naye amesimama hatua mbili kutoka kisandukuni. Nikatia saini. Akaenda zake.

Kazi yangu ni kutafsiri, na wanipao kazi wako Dar es Salaam, nao hupenda tuonane kwa video kila Jumatatu saa 3 asubuhi. Jumatatu ya kwanza nilikuwa nimefungua kinywa nitamke neno «aghalabu», ambalo nilikuwa nimeliandaa tangu usiku, picha ikaganda kwenye herufi ya kwanza. Na kwa muda wa dakika 11 wenzangu walitazamana na mtu aliyekuwa kama angojaye kutiwa kijiko cha uji. Mmoja wao aliihifadhi picha ile, na hadi leo nikichelewesha kazi hunitumia bila ya maneno.

Ilhali barazani, upande wa pili wa mlango, mambo yalikuwa neema tupu. Mlango wetu ni wa nakshi, una misumari ya shaba na umri wa kuheshimiwa, lakini ni ubao, na ubao mbele ya mawimbi si kitu ukilinganishwa na jiwe. Basi vijana wa mtaa waliketi pale kutwa wakitazama mpira wa Ulaya usiokatika, nami nikiwasikia kupitia dirisha wakishangilia bao ambalo kwangu lilikuwa bado linazunguka. Neno la siri walipewa na mkwe wangu. Aliulizwa kwa adabu na mtoto wa jirani, naye akaona kwamba kumnyima mtu neno, ambalo hata ukimpa nawe unabaki nalo, ni ubakhili usio na jina.

Hapo nikakata shauri kuihamisha ruta. Nilinunua waya wa mita 20, nikaipandisha ruta ghorofa ya kwanza, nikaiweka katika kabati la vyombo la sebuleni, mahali pa heshima, baina ya vikombe vya kahawa na jagi la harusi, mbele ya kioo kikubwa kinachoyafanya yote yaonekane mara mbili. Kioo nacho kina utando wa madini mgongoni, na mawimbi yakiufikia hurudi yalikotoka, kwa hiyo ruta ilikuwa inazungumza na vikombe. Fauka ya hayo, nyumbani kwetu hapana kitu kinachoachwa uchi: redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni, basi siku ya tatu nikaikuta ruta imevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi, ikihema kwa joto kama bibi harusi wa mwezi wa pili.

Kutoka hapo ilikwenda jikoni juu ya friji, kwa kuwa nilisikia kwamba inapenda kukaa juu. Na ni kweli inapenda juu, ila haipendi kukalia sanduku la bati. Jikoni pia kuna maikrowevu, na kila zilipopashwa sambusa mkutano ulikatika, jambo nililolifikiri kuwa ni hila ya shetani mpaka nilipofafanuliwa. Kisha nikasikia habari ya karatasi ya fedha, hii ifungiayo vyakula. Nikaikunja kwa umbo la ungo, nikaisimamisha nyuma ya ruta ili iyasukume mawimbi mbele, na wallahi iliyasukuma, kwa nguvu ambayo sikuitazamia, yakapita dirishani. Jirani wa ng'ambo, ambaye kichochoro kinatutenga naye kwa kiasi cha kuweza kupeana chumvi kwa mkono, alinishukuru mara mbili.

Azma yangu ya mwisho kabla ya kusalimu amri ilikuwa kuzilaza antena zote mbili nikazilenga ofisini. Mtandao ukazimika kabisa.

Ndipo nikamwita mpwa wangu, asomaye mambo ya mawasiliano, mtoto mwenye staha isipokuwa anapocheka. Alisimama mbele ya friji akaitazama ruta na ungo wake wa fedha na mizinga yake miwili.

«Mjomba,» akasema, «hii umeielekeza kama bunduki.»

Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia. Hakubishana nami. Alichukua kanga iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, akaisokota ngata kama ile ya kutwikia mtungi, akaivisha kwenye mpini wa mwiko, ikakaa katikati. Mwiko, akasema, ni antena, na ngata ndiyo mawimbi. Hayatoki nchani, hutoka ubavuni yakazunguka. Antena ikisimama wima ngata hulala, na ghorofa nzima hupata. Ukiilaza ukamlenga mtu, ngata husimama, na yule aliyelengwa ndiye anayetazama tundu. Akanielekezea mwiko usoni, nami nikayaona yote kwa jicho moja kupitia katikati ya kanga ya mke wangu.

Akaendelea, maadamu nilikuwa nimeduwaa. Ruta ile ina aina mbili za mawimbi: ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni kiasi cha sentimita 12, nayo hupenya ukuta japo kwa taabu. Na ya gigahezi 5, mafupi, yenye mbio nyingi lakini yasiyo na kifua, ambayo kwa ukuta kama wetu hukata tamaa mapema. Maikrowevu hutumia karibu yaleyale ya kwanza, na yakivuja kidogo tu humezana nayo. Nao ukuta wa matumbawe hunywa maji wakati wa masika, na maji ndiyo hasa yanayoyameza mawimbi yakageuka joto. Kwa hiyo, kwa mujibu wa elimu, nilikuwa nimelipia mtandao miezi mitatu ili kuzipasha moto kuta za marehemu.

Dawa yake ilikuwa maneno matatu: katikati, juu, peupe. Tukaipima nyumba kwa kamba ya kuanikia nguo, mpwa wangu akishika ncha moja nami nyingine, urefu, upana, kisha kimo kwa kupitia ngazini; tukafunga mafundo, tukakunja kamba mara mbili, tukaifuata. Fundo la katikati likaangukia ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu, ukutani, juu kidogo ya kichwa cha kitanda cha samadari.

Chumba cha mkwe wangu. Tukaikunja kamba bila ya kutazamana.

Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa. Kwa miaka 14 ya ndoa nimekiingia chumba kile mara mbili, mara ya kwanza kwa kubeba hiyo samadari, na ya pili kwa kuitoa kwa kuwa iliwekwa kinyume, na mara zote mbili nilitembea nimeinamisha macho kama niliyepoteza sindano. Siyo hofu. Ni kwamba kuna mambo ambayo mume wa binti hamkabili nayo mama wa binti, na kumtundikia mashine juu ya mto wake, bila ya shaka, ni mojawapo. Mke wangu akawa balozi, na kwa siku nne alikwenda na kurudi na maswali.

«Mama anauliza, kinavuma?»

«Hakivumi.»

«Kina joto?»

«Kidogo. Kama paka aliyelala.»

«Kinaona?»

Swali hili ndilo lililotuchelewesha. Mpwa wangu alieleza kwamba hakina jicho; likarudi jibu kwamba kama hakina jicho, zile taa zinazopepesa usiku ni za nini. Hatukuwa na jawabu la maana. Tukakubaliana kwamba taa zitafunikwa kwa kitambaa, kile cha waridi, kikishuka kwa mbele tu, kwa kuwa kitambaa hakiyadhuru mawimbi lakini kikifunika matundu ya hewa kisanduku hukosa pumzi. Na kwamba kitakapofungwa mimi nitakuwa sokoni.

Niliporudi na samaki, mtandao ulikuwa umeenea nyumba nzima. Jumatatu ile wenzangu wa Dar es Salaam walikiona kinywa changu kikifunguka na kufungika, na mmoja akapiga makofi. Vijana, ambao hawakuambiwa chochote na mtu yeyote, waliinuka kwenye baraza ya mbele wakahamia ya ubavuni, chini ya dirisha la mkwe wangu, kama kuku wafuatao kivuli.

Hali hiyo njema iliendelea hadi Desemba, kaskazi ilipoanza. Chumba kile kina tundu moja tu la umeme, lililochimbwa na fundi ambaye inasemekana alivunja patasi tatu, na joto lilipozidi tundu lile likapewa feni, kwa haki kabisa. Nikakimbilia dukani kununua waya wa kuongezea wenye matundu manne. Wiki haikutimia yote manne yakawa na wenyewe: feni, chaja ya simu ya kuzungumzia na binti yake wa Maskati, taa ya kusomea msahafu, na birika la umeme ambalo hadi siku hiyo sikujua kama tunalo. Ruta huchomekwa zamu kwa zamu na birika.

Jumatatu iliyopita, saa 3 kasoro dakika tano, nilisimama nje ya pazia.

«Hodi, mama. Shikamoo.»

«Marahaba, mwanangu.»

«Samahani, mama, ule mtandao...»

«Najua. Nachemsha maji. Subiri.»

Nikasubiri. Nilisikia birika likianza kuimba, polepole, halina haraka na mtu. Na kutoka kichochoroni, chini ya dirisha, sauti ya kijana ikapanda, yenye adabu kuliko yangu:

«Bibi, chai bado?»