Kijana wa Vifurushi, Shika Kalamu Kabla ya Pikipiki

Umepewa pikipiki, helmeti na miezi mitatu ya majaribio. Kabla hujawasha, tafuta daftari.

Mteja atakwambia, “Njoo Magomeni, ukifika nipigie.” Usiondoke. Magomeni yetu ya Bagamoyo ni kubwa, na ukishafika utaambiwa namba unayopiga haipatikani, maana simu yake imeisha chaji dakika ileile. Muulize mtaa na namba ya nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba, na programu ya NaPA inakusaidia kuzitafuta. Akisema haijui yake, mwombe kwa upole atoke nje akaisome ukutani kwake. Wapo watakaoiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Andika jina, simu, nyumba na saa.

Mzigo wa kulipia mlangoni una mtihani wake. Mama anafungua kifurushi, anajipimia gauni juu ya dera alilovaa, anageuka huku na huku, anawaita mashoga zake waje watoe maoni, na wewe uko juani. Kisha: “Mwanangu, rangi si ile ya kwenye picha. Rudi nalo tu.” Usibishane naye. “Sawa mama, naomba uniandikie hapa kwamba umelikataa, na saa.” Anayelipa kwa simu akutumie na ya kutolea kabla hujamkabidhi mzigo. Ikipungua, jioni utaulizwa wewe.

Naling’ang’ania daftari kwa sababu mji huu wa Bagamoyo unaijua thamani yake. Mwaka 1873 mmisionari David Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na watumishi wake, kina Chuma na Susi, wakaamua kuuleta mwili wake pwani. Kwanza masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya wote, ili kila mmoja awajibike, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha vilivyomo. Ndipo wakaanza safari ya miezi mingi kwa miguu. Mwili waliufunga kwa gome la mti na turubai, na watu wa njiani walipokataa maiti isipite kwao, wakaufunga upya hadi ukafanana na robota la nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Wakalipwa, wakaambiwa kazi imekwisha. Wainwright ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza. Chuma na Susi walipofika huko, mazishi yalikuwa yameshapita. Hilo linaniuma kila nipitapo pale Misheni ya Kikatoliki, mwili ulipopokelewa. Watu walibeba mzigo ambao hakuna aliyewatuma kuubeba, wakaukabidhi salama, na mlangoni mwa kaburi hawakuwepo.

Nawe waweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukaambiwa asante, kwaheri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliwaacha wenye chini ya miezi 6 kazini nje ya kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zilitaka majaribio yasizidi miezi 12, na mwajiri amweleze mtu anapokosea na kumpa nafasi ya kujirekebisha kabla ya kumwondoa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa omba mkataba wa maandishi wenye tarehe ya majaribio kuanza na ya kuisha. Usione haya kuuomba. Anayekuamini kwa mali za watu hashindwi kukupa karatasi.

Kila Jumamosi zipige picha kurasa za wiki nzima, umtumie msimamizi kwa WhatsApp: mizigo iliyofika, iliyokataliwa, na iliyochelewa kwa kuwa gari la kutoka Makumbusho, Dar es Salaam, liliharibikia njiani. Siku akikuita akisema unachelewesha sana mizigo ya watu, fungua daftari mbele yake, umwombe akuonyeshe ni siku ipi.