Uainishaji wa Awali wa Waumini na Wasioamini wa Butembo na Beni

Sisi tusioamini Mungu tuna desturi ya kuwagawa wanadamu mafungu mawili, watu wa maabara na watu wa madhabahu, kisha tunakaa pembeni kuwatazama wakipigana. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018 Kivu Kaskazini, mkoa wa Kongo wenye miji ya Beni na Butembo, mgawanyo huo ulikwama. Napendekeza mwingine, wenye spishi nne.

Ya kwanza ni Mwombezi wa Kawaida. Makazi yake ni chumba cha maombi. Kwake homa na pepo ni ukoo mmoja. Kielelezo maarufu ni mchungaji aliyehubiri makanisani Butembo, akawawekea wagonjwa mikono, kisha Julai 2019 akapanda basi hadi Goma, akawa mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na Ebola mjini humo. Alifariki. Hapa mgawanyo wetu wa zamani unafanya kazi vizuri, sibishi.

Ya pili, Padri wa Ndoo, ana Mungu na ana klorini. Misa iliendelea, ila mikono ya amani haikupeanwa. Hata Chuo Kikuu cha Graben pale Butembo, chenye kitivo cha udaktari, ni cha Wakatoliki. Spishi hii inawakera wataalamu wa upande wangu, ndiyo maana huwa hatuiandiki.

Anayestahili kurasa ni wa tatu, Mkanushaji. Katika utafiti wa Septemba 2018 uliohoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, zaidi ya robo walisema Ebola haipo. Nimeitafuta theolojia ya mtu huyu, sikuiona. Alichonacho ni hoja. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku, na misafara ya magari haikuja. Ikaja homa, yakaja magari, pesa na askari wa kuisindikiza riposti, yaani timu za kupambana na Ebola. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Makanisa na masoko yakabaki wazi; rais akaapishwa Januari bila kura zao. Siku ya uchaguzi watu wa Beni walikuwa wamepanga foleni wakapiga kura za kuigiza. Aliyehitimisha kwamba ugonjwa ulitungwa na wanasiasa alikosea, na wapo waliokufa majumbani kwa kukosea hivyo. Lakini alidai ushahidi kabla ya kuamini, jambo ambalo sisi tunalihubiri kila siku.

Ya nne ni Muumini wa Maabara, yaani mimi. Kirusi sijamwona, namwamini Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi. Fahari yangu ni jaribio lililoanza Novemba 2018: dawa nne, na kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apate ipi, kwa sababu madaktari walikiri kwamba hawajui iliyo bora. Agosti 2019 mbili zikashinda, mojawapo ikitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kati ya waliopewa hizo mbili ilikufa takriban theluthi moja. Kati ya wengine, takriban nusu. Sijasikia mimbari ikisema "hatujui" waziwazi namna hiyo. Tatizo ni kwamba ungamo hilo lilibaki ndani ya kituo cha tiba. Barabarani sayansi ilipita na bunduki, ikitaka kuaminiwa papo hapo.

Basi anayetafuta vita vya sayansi na dini namwachia yule mchungaji wa basi. Mkanushaji ugomvi wake ulikuwa na serikali.