Samaki wa Barafu

Mama mkubwa aliitazama ile video mpaka mwisho, akanirudishia simu, akauliza: "Sasa ziwa liko wapi?"

Nikamwambia ziwa ni hapo walipoweka viti. Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, na huko ikifika Januari maziwa yanaganda juu, watu wanatembea kwa miguu wakiburuta vibanda vyao. Barafu nzuri ya sentimita 10 inambeba mtu; ikinenepa zaidi wanapita na magari. Wanatoboa shimo, wanashusha ndoano, wanakaa. Anayemtaka walleye, samaki ambaye macho yake yanang'aa ukimmulika, huvizia jioni. Anayemtaka pike, yule jamaa wa meno, anatega chambo kikubwa na kibendera kinachoruka juu samaki akivuta.

"Na hao samaki mbona hawajaganda?"

Nikamweleza kwamba maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndiyo yanazama, na barafu kwa wepesi wake inabaki juu. Samaki wako chini wanaendelea na maisha yao. Mama mkubwa akajifunga khanga ya pili juu ya sweta. "Wenzetu Mungu kawapa baridi na kazi ya kufanya," akasema. "Sisi katupa baridi tu."

Hakukosea sana. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mtu anakunywa chai amevaa koti la mtumba alilolalia. Maziwa tunayo mawili, Tanganyika magharibi na Rukwa mashariki, lakini yote yako bondeni, kwenye joto, karibu kilomita nzima chini yetu. Baridi iko huku, samaki wako kule. Mwaka 2024 ndiyo mambo yakazidi: Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, yaani kipupwe chetu chote. Kwa binamu baridi ikiingia ndipo watu wanaanza kuvua. Kwetu iliingia, tukala maharage. Sina ugomvi na maharage ya Ufipa, ila ilipofika Agosti hata yenyewe yalionekana yametuchoka.

Ziwa lilipofunguliwa nikatumwa Kasanga. Nilibeba boksi jeupe la samaki, lile jepesi linalolia ukiligusa kwa kucha, limejaa mabonge ya barafu kutoka kwenye friza la jirani muuza soda. Tulipofika Matai bado nilikuwa nimefunga vifungo vyote vya koti. Tulipoanza kuteremka, koti likahamia mapajani, sweta likafuata, na Kasanga nilishuka na fulana. Barafu nayo ilikuwa imeanza kuvua nguo.

Wavuvi niliwakuta ufukweni wakishona nyavu, wanangoja usiku. Wao wanategemea giza. Zamani walibeba karabai, siku hizi taa za betri, lakini kazi ni ileile: dagaa anaifuata taa, mgebuka anamfuata dagaa ili amle, na wavu unawapokea wote wawili bila ubaguzi. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inalala nchi kavu, kwa sababu hakuna taa inayoshindana na mwezi. Nikaona hawa ni watu wa fani, nikawaonyesha video ya binamu.

Nahodha aliitazama kwa makini. "Wanalipwa shilingi ngapi kukaa hapo?"

"Hawalipwi. Wanalipa wao, wanakata leseni."

"Kwa samaki mmoja mmoja?"

"Na wengine wakishamvua wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha."

"Wanamrudisha wapi?"

"Kwenye shimo."

Aliyekuwa akishona akasimamisha sindano. Nahodha akanirudishia simu taratibu. "Kaka, huyo ndugu yako ana mke na watoto huko?"

"Anao."

"Basi ongeeni naye."

Asubuhi nikapata migebuka wangu, nikawalaza na barafu iliyosalia. Kwenye kosta konda alilichukua lile boksi, akalipachika juu ya magunia, mbele kidogo ya mzee mmoja aliyevaa shati jeupe la mikono mirefu. Barabara ya tambarare isingekuwa na neno. Lakini kutoka Kasanga ni kupanda, na gari likipanda, kilicho mbele kinamwagikia nyuma.

Mzee alijifuta shingo. Akajifuta tena. Akamgeukia mama wa siti ya pembeni aliyempakata mtoto.

"Mama, mtoto."

"Mtoto kafanya nini?"

"Ameniharibia shati."

"Mtoto wangu amevaa pampasi, mzee!" Akamwinua na kumgeuza, kosta nzima ikakagua. Kweli, pampasi ilikuwa kavu.

Tone jingine likaanguka, safari hii watu wote wakiona. Mzee alilipokea kwa kidole, akakinusa, akafumba macho.

"Mgebuka," akasema.

Gari likanyamaza.

"Wa nani?" akauliza konda, kana kwamba boksi lilipanda lenyewe.

Nilinyoosha mkono kungojea matusi. Kutoka siti ya nyuma sauti ya kike ikauliza, "Unauza bei gani?" Mwingine akataka kujua kama ni wa jana au wa leo. Nikajieleza kwamba nimetumwa na mama yangu mkubwa, kwamba hawa si wa biashara, lakini kifuniko kilishafunguliwa na mikono ilishaingia, na watu waliokaa miezi mitatu bila samaki mbichi hawasikilizi habari za mama mkubwa wa mtu. Kufika Matai boksi lilikuwa jepesi mno.

Mzee ndiye aliyechagua mgebuka mkubwa kuliko wote, akamviringisha kwenye gazeti. Nilipomtajia bei, aligeuza shingo akanionyesha kola iliyolowa. "Mimi nimeshalipa."

Mama wa mtoto naye akadai wake, wa kusingiziwa.