Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kibali

Old Moshi,
Kilimanjaro.

Mheshimiwa Kibali,
Kwa kupitia ofisi zote zinazokulea,
Dodoma, Arusha, Dar es Salaam na popote ulipo ndani ya mfumo.

YAH: OMBI LA KUJARIBU KUSAFISHA NDOO MOJA YA UDONGO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia. Sina kampuni, sina mtambo, sina lori lenye picha ya fuvu ubavuni. Nina ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, na ndani yake mna udongo usiofaa hata kufukia shimo la choo. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu kila nilikobisha hodi niliambiwa maneno yaleyale, tena kwa adabu kabisa: "Mzee wetu, bila kibali hatuwezi." Nikaona niache kuwasumbua wadogo zako, niende kwa mwenye kauli.

Kwanza nikueleze udongo ulikotoka. Nyuma ya nyumba yetu kihambani kuna kighala cha mawe alichojenga marehemu baba. Humo ndimo yeye na majirani walimoweka dawa za kahawa, enzi ambazo chama cha ushirika kiligawa pembejeo kwa mkopo na kukata deni kwenye malipo ya msimu. Ukisimama mlangoni, ukuta wa kushoto una doa la kibuluu linaloelekea kijani, kama shingo ya tausi. Hiyo ni mrututu na kopa, dawa za shaba. Baba aliikorogea hapo kwenye pipa, akajaza bomba la mgongoni, akaingia shambani kuyasaka magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Kwenye rafu ya juu mlikuwa na mifuko ya karatasi yenye unga mweupe, maandishi yamefutika. Katika miaka yangu yote sijaona panya akiigusa ile mifuko. Na mbele ya kizingiti kuna duara la upana wa ungo ambamo haioti hata kishona nguo, mmea unaoota mpaka kwenye nyufa za lami.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi maabara, alinipimia kiganja kimoja cha udongo ule. Akanipigia simu jioni: "Mwalimu, kuna shaba nyingi, na kuna DDT. Osha mikono."

Sikushangaa. Shaba ni metali, haiozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mashamba ya kahawa ya huku kwetu Kilimanjaro ulikuta imejilimbikiza kwenye udongo baada ya miaka mingi ya kupuliza. Mwaka 2005 watafiti wa kahawa wa Lyamungo walitupatia aina mpya za miche zinazostahimili chulebuni na kutu, tukashukuru, mabomba tukayatundika. Ila shaba ya zamani hakuna aliyeipa taarifa kwamba kazi imekwisha. DDT nayo iko kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2004. Kwa maana nyingine, kizingiti cha baba yangu kimo kwenye mkataba wa kimataifa. Angekuwa hai angechinja mbuzi.

Sasa, Mheshimiwa, umewahi kukutana na uyoga wa mamama? Huota kwenye majani makavu ya migomba, nasi majani hayo tunayo mengi kuliko akili. Fangasi wa jamaa ya uyoga huo, wale wanaoozesha miti, hutoa vimeng'enya vinavyoweza kuikata lignini, kitu kigumu kinachoshikilia mbao. Tangu miaka ya 1980 wanasayansi wanajua kwamba fangasi wa namna hiyo wanaweza kuivunja na DDT, angalau ndani ya chupa za maabara. Wazo langu ni dogo: nichanganye ndoo moja ya udongo wa kizingitini na majani ya migomba yaliyopandwa mamama, niiweke juu ya sakafu ya saruji chini ya bati, nyingine iwe pembeni bila uyoga kwa kulinganisha, kisha kila mwezi nipime. Shaba haitavunjika, hilo najua, uyoga si mganga. Ila DDT ikipungua tutakuwa tumejua kitu, na isipopungua pia tutakuwa tumejua kitu.

Nikaenda ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu kijana aliyenipokea ana heshima na ana watoto wa kulea. Akaniamkia, akanipa kiti, akafungua kompyuta.

"Mzee, fomu inauliza uwezo wa mtambo wako kwa siku."

"Andika ndoo moja kwa miezi sita."

"Inataka tani."

Tukapiga hesabu pamoja. Kilo kumi ni tani sifuri nukta sifuri moja, gawanya kwa siku mia moja themanini. Akaandika. Mfumo ukagoma. Akajaribu tena, ukasema kiwango hakiwezi kuwa sifuri. Akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, huwezi kuongeza kidogo? Hata tani mbili tu, mfumo utakubali."

Hebu tulia hapo, Mheshimiwa. Nilikwenda kuomba ruhusa ya kushika sumu kidogo kadiri inavyowezekana, nikashauriwa kwa nia njema niombe sumu mara mia mbili ili nikubalike.

Hatukuishia hapo. Kwa kuwa ni kiuatilifu, niwaone watu wa viuatilifu kule Ngaramtoni, Arusha. Kwa kuwa ni kemikali, yuko Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa kuwa ni utafiti, kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa kuwa kuna mfongo karibu, yaani mfereji wetu wa asili, watu wa maji wa Bonde la Pangani wapo hapahapa mjini Moshi. Kisha tathmini ya athari kwa mazingira. Tangu marekebisho ya kanuni ya 2018, miradi imegawanywa makundi manne: A, B1, B2 na lile Maalumu. La tano, la ndoo, halipo. Kijana akasema kwa kuwa ni taka hatarishi ni salama zaidi tuihesabu pamoja na miradi mikubwa. Ndivyo ndoo yangu ilivyokalishwa meza moja na mabwawa na viwanda vya saruji. Nilitoka pale nimevimba kichwa kama mkandarasi.

Sisemi ofisi hizo hazina kazi. Kila moja ina sheria yake na sababu yake. Nasema tu kwamba sumu hii ilipopanda mlima haikuombewa kibali na mtu, ilipangiwa foleni. Mama zetu walisimama juani kuipokea wakiwa na watoto mgongoni, nami nilikuwa mmoja wa watoto hao. Imekaa kwenye rafu maisha yangu yote, na haijatozwa ada, haijakaguliwa, haijaulizwa uwezo wake kwa siku. Ilipotokea tu mtu akasema anataka kuipunguza, serikali nzima ikaamka.

Na kuna msafirishaji mmoja ambaye nakuomba umchunguze. Sheria yako inataka anayesafirisha taka hatarishi awe na kibali cha kazi hiyo, chombo kinachofaa, alama za hatari, na hati inayofuatana na mzigo toka unakotoka hadi unakofika. Huyu hana hata kimoja. Anaingia kazini kila Machi, anapenda kufanya kazi usiku, na hana kikomo cha tani. DDT haiyeyuki majini kirahisi. Hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo udongo ukisombwa nayo imo. Basi yeye anapakia mlangoni kwa marehemu baba, anashusha mfongoni, mfongo unampokeza mto Rau, Rau unapita kwenye majaruba ya mpunga ya Moshi chini, kisha unaingia Ruvu ya huku kwetu, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, ambako perege husaini kupokea mzigo. Kinachobaki kinafuata Pangani hadi Bahari ya Hindi. Anavuka mkoa hadi mkoa na hakuna aliyewahi kumsimamisha. Mimi na ndoo yangu nyuma ya bodaboda tusingefika hata stendi kuu. Jina lake ni Masika. Anwani yake unaijua.

Usidhani nakudharau. Nakumbuka Vikuge. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea msaada kutoka Ugiriki, tani zipatazo 170 za viuatilifu, DDT ikiwamo, na sehemu ya mzigo ilikuwa imeshapitwa na muda. Ulipelekwa Vikuge, Kibaha, kwenye shamba la serikali la nyasi za mifugo. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu ya magunia. Walipokuja watafiti na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, baadhi ya sampuli za udongo zilikuwa na DDT na mabaki yake zaidi ya robo ya uzito wake. Mkononi mwako ukishika kilo nne za udongo huo, kilo moja si udongo. Na nyasi ziliendelea kuota jirani.

Pale ndipo ulipohitajika, Mheshimiwa. Ungesimama bandarini mwaka 1986 ukawauliza wale wafadhili tarehe za kuisha muda, ningekujengea sanamu pale mzunguko wa YMCA, Moshi mjini. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilizaliwa mwaka 2004, miaka 18 baada ya meli kushusha. Umechelewa kuikagua sumu ilipoingia, sasa unamalizia hasira kwa anayetaka kuitoa.

Nchi moja yenye wanasheria wengi kuliko sisi tulivyo na migomba ilishakwama kwenye kona hiihii. Kule Marekani, mtu hakuweza kuonyesha kwamba njia mpya ya kusafisha inafaa bila kuijaribu, na hakuweza kuijaribu bila kibali kilichotaka aonyeshe kwanza kwamba inafaa. Mwaka 1988 wakala wao wa mazingira, EPA, ukafungua mlango mdogo. Kwa ajili ya majaribio, hadi kilo 1,000 za taka hatarishi zisizo kali mno ziliruhusiwa bila kibali kamili, na kwa zile kali mno, kilo 1 tu. Mwaka 1994, kwa udongo uliochafuka kwa taka zisizo kali mno, wakapandisha hadi kilo 10,000. Si holela: maabara inatoa taarifa siku 45 kabla, inatunza kumbukumbu, na jaribio likiisha mabaki yanarudi kuwa taka na kufuata sheria ya taka. Aliye na jaribio kubwa anaomba kibali cha utafiti, ambacho ni cha mwaka mmoja na kinaweza kuongezwa.

Kilichonivutia si ukarimu wao bali mizani. Mlango ukiwa mpana bila kipimo, kesho mjanja mmoja atamwaga lori la tope la kiwanda korongoni, akiulizwa atasema yuko kwenye majaribio. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, na hapo una haki kabisa. Pia mimi si malaika: DDT ikivunjwa nusunusu huacha DDE, ambayo nayo haina huruma, na mwalimu mstaafu mwenye ndoo anaweza kudhani amesafisha kumbe amebadilisha jina. Kwa hiyo nipime, nikague, nitumie mkaguzi bila taarifa, nitampikia mtori. Ila unipime kwa kilo nilizonazo.

Jirani yangu, Mama Neema, aliposikia habari za uyoga alikuja jioni na kikapu. "Baba mwalimu, ukikomaa uniuzie robo." Ilinichukua muda kumweleza kwamba uyoga huu hauliwi, hauuzwi na hautupwi kwa kuku. Akaniuliza sasa unapandwa wa nini. Nikamwonyesha lile duara mlangoni. Akalizunguka bila kulikanyaga, akaniambia mbuzi wake hukata kona hapo siku zote, na yeye alidhani ni mizimu ya ukoo wetu.

Ombi langu basi. Kilo kumi za udongo, ndoo mbili, sakafu ya saruji, bati juu, daftari la vipimo litakalokuwa wazi kwa yeyote, taarifa siku 45 kabla ya kuanza, na mabaki yatakabidhiwa kwa atakayetajwa nawe. Kama kifungu cha kuniruhusu hakipo, naomba kiandikwe, na tarakimu ya kilo iwekwe chini kadiri mtakavyoona inafaa, mradi isiwe tani. Na yule kijana aelekezwe jinsi ya kuandika sifuri nukta.

Nasubiri majibu yako kabla ya Machi.

Wako mtiifu,
Mwombaji mwenye ndoo.

Nakala: Masika, kwa taarifa. Utekelezaji ameshaanza.