Usichome Kihenge kwa Sababu ya Dumuzi

Kanga wa Kwa Mrombo alikuwa mhazini wa kikoba. Hisa, mikopo na marejesho ya wanachama wote, pamoja na picha za vifaranga wake tangu siku walipototolewa, vilikaa ndani ya kompyuta moja sebuleni kwake. Nakala nyingine hakuwa nayo popote.

Ijumaa moja akamtuma mpwa wake, Ngedere, akachapishe taarifa ya mwezi steshenari. Flashi ikachomekwa kwenye mashine iliyokuwa imepokea flashi za mtaa mzima tangu asubuhi, kisha ikarudi nyumbani. Jioni, moshi wa nyama choma ukianza kupanda barabarani, Kanga akafungua kazi yake. Folda hazipo. Mahali pake zimekaa njia za mkato, kila moja na kamshale pembeni. Akabofya ya kwanza, akabofya ya pili, na kila alipobofya aliviamsha virusi upya.

Yowe lake likawaleta majirani. Fisi fundi akafika na begi lake. "Mama Kanga, dawa ni moja. Tunafuta kila kitu, tunapiga Windows upya. Nusu saa tu." Jogoo naye akaonyesha tangazo lililochomoza kwenye kioo, likiahidi kusafisha mashine bure. "Bofya hapa, dada."

"Asibofye mtu!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Ngedere, kata intaneti, kisha zima kompyuta. Sasa kaeni.

"Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana Tabora mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati. Hakuja kwa mbawa zake tu. Alipanda magunia ya mahindi, akasafiri na wenye mali. Kufikia 1983 alikuwa Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Ndiye dumuzi. Hindi zima aliligeuza unga. Jirani yangu mmoja alipomwona, aliwasha kiberiti akachoma kihenge. Dumuzi alikufa, na chakula cha watoto kikafa naye. Mimi nilipukuchua. Dumuzi hustawi hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwa hiyo nilitoa punje, nikapepeta, nikaanika, nikatia dawa. Punje zilipokuwa salama, ndipo nikachoma magunzi na kusafisha kihenge.

"Mama Kanga, virusi vya namna hii mara nyingi havifuti folda, huzificha, vikaweka njia ya mkato mlangoni ili wewe mwenyewe uvifungulie. Njia ya mkato ndiyo iliyotufichia mali. Tusiitafute kwa njia nyingine ya mkato."

Jumamosi wakaenda kwa Mwalimu Twiga, mwenye kompyuta salama, wakaandaa flashi mpya yenye Linux. Kompyuta ya Kanga ikawashwa kwa flashi hiyo, ili Windows yenye ugonjwa ibaki imelala. Wakaamuru vilivyofichwa vionekane. Folda zikajitokeza moja baada ya nyingine: hisa, mikopo, vifaranga. Kanga akaketi chini akalia, safari hii kwa furaha.

"Bado," Kobe akasema. "Pukuchueni kwanza. Barua, picha na majedwali ndizo punje. Hamishieni kwenye diski ya nje. Programu na njia za mkato ndizo magunzi; ziacheni. Programu hupatikana tena kwa mwenyewe aliyeitengeneza, lakini picha ya kifaranga wa jana haina duka."

Punje nazo zikapepetwa: Mwalimu Twiga akazipitisha kwenye antivirasi aliyoisasisha asubuhi ileile. Wakafungua daftari la mikopo na picha kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Hapo Kobe akamgeukia Fisi. "Sasa, fundi, futa."

Fisi akapiga Windows upya, kwa nusu saa ileile aliyoahidi. Flashi iliyoleta maradhi nayo ikafutwa. Kwenye mashine ya Twiga, Kanga akabadilisha nywila za barua pepe na za benki, maana mdudu aliyelala nyumbani huenda aliona funguo.

Tangu siku hiyo mali ya kikoba ina vihenge vitatu: kompyuta, diski inayochomolewa kazi ikiisha, na nakala kwa dada yake Usa River, mahali ambapo moto wa nyumba moja haufiki. Ngedere huenda steshenari na flashi yenye karatasi ya kuchapishwa tu. Na kabla ya yote alirudi kumwambia mwenye steshenari kwa upole kwamba mashine yake inaumwa, kwa sababu gunia moja huambukiza soko zima.

Dawa ya Fisi haikuwa mbaya. Ilikuja kabla ya zamu yake. Moto una kazi yake shambani, ila punje hutoka kwanza.