Anti Ribaundi: Shemeji yangu hatoki kwenye kona

*Safu ya wenye pedi mkononi na kinyongo moyoni*

Anti, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Mbagala. Nimechumbia, mahari tumeshaelewana, bado kukabidhi tu. Tatizo langu ni kaka wa mchumba. Kila nikienda ukweni tunacheza 2K, gemu ya mpira wa kikapu wa NBA, na kila mara ananimaliza kwa kitu kilekile: anakimbilia kona ya kulia, anachezesha analogi kushoto-kulia mpaka mlinzi wangu anapoteza mwelekeo, kisha anatupa huku akirudi nyuma. Inaingia. Nikilalamika ananijibu, “Gemu imeruhusu, shemeji.” Je, huu ni ufundi au uhuni? Na nikisusa, mahari yangu itapokelewa?
*Mkwe Mtarajiwa, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuitoe kona lawamani, kwa sababu yenyewe haina kosa. Kwenye uwanja wa NBA mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 kutoka kapuni ukiwa mbele ya ringi, lakini kwenye kona ni mita 6.70. Zaidi ya nusu mita umepewa bure, na pointi ni zilezile tatu. Makocha wa Marekani wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana utamkuta mtu amesimama pale kama mlinzi wa benki, hana kazi nyingine ila kusubiri pasi. Shemeji akipenya katikati, ulinzi wako wote ukamkimbilia, akampasia mwenzake uliyemsahau kona, amekufunga kihalali. Mpe mkono.

Uhuni uko kwenye hiyo analogi. Binadamu akikata kushoto, kulia, kushoto, kulia bila kupumzika, ataanza kuhema. Halafu pale kona, kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa pembeni, pana futi tatu tu. Pima na viatu vya mtu mwenye urefu wa mita mbili uone vinavyobakiza. Akirudi nyuma kidogo ameshakanyaga nje, na refa amepuliza. Mchezaji wa kwenye gemu hachoki inavyopasa, nyayo zake zinapata nafasi pasipo na nafasi, na mlinzi anayeongozwa na kompyuta anadanganyika kila anapotikiswa, hata awe ametikiswa hivyohivyo tangu robo ya kwanza. Hapo shemeji hashindani nawe. Anashindana na hesabu zilizoandikwa Novato, California, kwenye ofisi za Visual Concepts wanaoitengeneza 2K, na jibu lake ameshalikariri.

Ila kabla hujamwita mhuni, jiulize kama gemu imekupa dawa ukaacha kuinywa. Mlinzi wa kona mchukue wewe mwenyewe, usimwachie kompyuta. Usiufuate mtikisiko, simama hatua moja nyuma na umnyime njia ya kurudi katikati. Akishaingia kona, mtume mlinzi wa pili haraka, maana mistari miwili ya uwanja inakusaidia kumbana na hana pa kutokea. Ikifanya kazi, basi ulikuwa uvivu wako. Ukiyafanya yote hayo na mpira bado unaingia huku mkono wa mlinzi umeziba uso wake, hilo ni tundu la gemu, na anayekaa kwenye tundu kila siku hana cha kujisifia.

Kuhusu mahari, usiseme neno kabla ya kukabidhi. Omba masharti kwa adabu kama mgeni: uchovu wa wachezaji uwashwe, na mtupo wa kurudi nyuma kona uwe mmoja kwa kila robo. Ndoa ikishafungwa, mseme unavyotaka. Mashemeji wana utani wao.

Anti, mimi nacheza kihalisia. Robo dakika 12, wachezaji nawatoa kwa zamu, naomba mapumziko, sidanki ovyo. Vijana wa kibanda cha gemu cha mtaani kwetu wanacheza kwa ujanja ujanja, na juzi wameniambia nisirudi tena. Mpira halisi hauna mambo ya kutafuta mianya. Niwaelimisheje?
*Mwanamichezo Msafi, Mwanza*

Msafi, robo nne za dakika 12 ni dakika 48, na saa inasimama kila mpira unapotoka. Kibandani watu wanalipia gemu, na nyuma yako kuna foleni ya watoto wenye sarafu zinazopata moto kiganjani. Hujafukuzwa kwa sababu ya usafi. Umefukuzwa kwa sababu ya foleni.

Lililoniudhi ni hilo la pili, eti mpira halisi hauna mianya. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis kucheza na Lakers wa George Mikan, senta mwenye miwani ambaye siku zile hakuna aliyejua namna ya kumzuia. Pistons wakaisoma sheria vizuri, wakakuta hakuna mahali panaposema timu ikae na mpira muda gani. Wakakaa nao. Wakausimamia, wakapasiana polepole mbali na kapu, mashabiki wakizomea, na wao wala. Mchezo mzima uliisha 19 kwa 18. Katika hizo 18 za Lakers, Mikan peke yake alifunga 15. Mpaka leo hakuna mchezo wa NBA uliokuwa na pointi chache kuliko ule, na hawakuvunja kifungu hata kimoja. Kijana wa kibandani kwenu angefanya hivyo ungemwandikia Anti barua.

Dawa ilipatikana 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alikadiria kwamba mchezo mzuri una mitupo kama 120, timu zote mbili. Akachukua sekunde 2,880 za dakika 48, akagawa kwa 120, akapata sekunde 24 za timu kutupa kila ikipata mpira. Ile saa inayokuhangaisha wewe kwenye kioo imeletwa na ujanja ujanja wa Fort Wayne.

Na huyo Mikan mwenyewe alikuwa mwanya unaotembea. Alikuwa akijikita chini ya kapu, mwisho wa habari. Mwaka 1951 NBA ikapanua eneo lile kutoka futi 6 hadi 12 ili asogezwe. Akaja senta mwingine, Wilt Chamberlain, futi 12 hazikutosha, 1964 zikawa 16. Baadaye makocha wakagundua kwamba senta Shaquille O'Neal anakosa karibu nusu ya mitupo huru, wakawa wanaamuru akamatwe hata akiwa hana mpira, mchezo ukageuka mnada wa faulo. Ligi iliibana mbinu hiyo zaidi mwaka 2016, ikaongeza adhabu kwa dakika mbili za mwisho za kila robo. Mpira halisi unazibwa matundu kama gemu inavyozibwa, ila viraka vya gemu vinashuka kwa intaneti usiku mmoja, na vya NBA husubiri kikao cha wenye timu.

Kwa hiyo usiende kuwaelimisha. Tafuta mtu mmoja mwenye subira kama yako, mkae nyumbani, mcheze hizo dakika 48 mpaka wali upoe.

Habari Anti. Jirani yangu huchukua Golden State Warriors kila siku. Akishavuka tu mstari wa katikati, Stephen Curry anatupa. Hii si gemu mbovu kweli?
*Nimechoka, Nakuru*

Gemu haina ubaya. Ubaya ni wa Curry. Msimu wa 2015–16 alifunga pointi tatu mara 402. Tarehe 27 Februari 2016, Oklahoma City, muda wa nyongeza ukiwa unakatika na matokeo ni 118 kwa 118, alitembea na mpira bila haraka, akatupa kutoka mita 11 na zaidi. 121 kwa 118, watu wakaenda nyumbani. Waliotengeneza 2K walikiri mwaka huohuo kwamba anawasumbua, kwa sababu gemu yao ilijengwa imwadhibu anayetupa akitoka kwenye chenga, na huyu riziki yake iko hapohapo. Yaani mtu halisi aliipita gemu kwa maajabu. Mkabe kuanzia katikati ya uwanja. Siku jirani atakapofunga kutoka pale kwa kumtumia senta, niandikie tena na nitakuja na refa.

Anti, shikamoo. Nina 2K10 ya zamani. Ninamchezesha Hasheem Thabeet dakika zote, namrushia mipira ya juu, yeye kazi yake ni kudanki tu, na sijafungwa muda mrefu. Rafiki yangu anasema si halisi, eti nimweke benchi. Si usaliti huo?
*Mzalendo, Temeke*

Marahaba, mwanangu. Hapa umenigusa pabaya, maana na mimi ni Mtanzania. Mwaka 2009 mtoto wetu wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na huyo Curry wa jirani hapo juu, aliyekuwa wa saba. Hilo hakuna wa kutunyang'anya. Lakini msimu ule wa kwanza alipata wastani wa dakika 13 na pointi 3.1, na Februari 2010 alipelekwa ligi ya maendeleo. Gemu inauona urefu wake wa mita 2.21, na mpira wa juu ukirushwa mahali ambapo hakuna mkono mwingine unaofika, basi. Mpira wenyewe ulikuwa na maswali mengine kwake: faulo, miguu, na masenta wenye misuli waliomsukuma kutoka chini ya kapu.

Washa faulo. Mpe dakika 13 kama alivyopewa na kocha wa Memphis. Kwa mamlaka niliyopewa na safu hii nakuongezea zifike 20. Ukizidisha, hata mimi nitaita mbeleko.

Anti, mjomba wangu aliishi Chicago miaka ya 90. Anasema kwenye mashine ya NBA Jam, kila alipocheza na Bulls dhidi ya Detroit, mtupo wa mwisho ulikuwa hauingii hata afanyeje. Mpaka leo anaamini kuna mkono wa mtu. Wageni wakija nyumbani tunambadilishia mada.
*Mpwa Mwenye Aibu, Mombasa*

Muombeni radhi mjomba. Mkono wa mtu ulikuwepo na mwenyewe anajulikana: Mark Turmell, aliyeongoza kazi ya kuitengeneza NBA Jam ya 1993, shabiki wa Detroit Pistons wa kulia machozi. Amekiri kwa mdomo wake kwamba aliandika kwenye programu kuwa mchezo ukibanana dhidi ya Pistons, mitupo ya mwisho ya Bulls iharibike. Mjomba wenu alikuwa akicheza kihalisia kabisa, aliyechezea mwanya ni aliyeitengeneza mashine. Na waganga waacheni, hawana wanachokijua kuhusu Detroit.

Barua zilizobaki ni saba na zote zinauliza jambo moja: mtu yuko nyuma kwa pointi nyingi, anachomoa waya, anasema umeme umekatika huku taa inawaka. Amefungwa, na gemu analipia yeye.