Umestaafishwa Kabla ya Siku Zako: Mwongozo wa Kuanzia Kesho Asubuhi

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, ukurasa mmoja na nusu, "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu," na katikati ya aya ya pili yamejificha maneno "mabadiliko ya muundo wa taasisi." Una miaka 54. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tano, nyumba ya Moshono imefika kwenye lenta, na benki bado inakudai. Semina za kujiandaa kustaafu humwambia mtu aanze miaka kumi kabla. Wewe umepewa hadi kesho asubuhi, kwa hiyo tuanze na kesho asubuhi.

Usivae tai.

Naliweka hili mbele ya yote kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia, hasa sisi wanaume. Kila mkazi wa Arusha aliyepita mjini kwa macho mawili amewahi kumwona huyu mzee. Anashuka Mnara wa Saa saa moja na nusu asubuhi, shati limepigwa pasi, begi la kompyuta begani. Kompyuta yenyewe aliirudisha ofisini wiki iliyopita; ndani ya begi mna gazeti na chupa ya maji. Anakunywa chai ya maziwa taratibu mpaka iwe baridi. Akimwona mtu wa ofisi ya zamani anageukia duka la vinyago na kuuliza bei ya kifaru. Saa kumi na moja jioni anapanda daladala kurudi nyumbani, anaulizwa siku ilikuwaje, anajibu kwamba vikao vilikuwa vingi.

Na mkewe anajua. Amejua tangu Jumapili, maana habari za kupunguzwa watu hufika kwenye kwaya kabla hazijafika kwenye ubao wa matangazo. Ananyamaza ili asimwaibishe baba watoto, baba watoto ananyamaza ili asimtie hofu mama watoto, na fedha za akiba zinaondoka kwa nauli na chai. Waambie usiku huu huu. Kuleni kwanza, zimeni televisheni, waite na watoto wakubwa, kisha taja tarehe ya mshahara wa mwisho, ada inayofuata na deni la benki lililobaki. Ukishasema, nyumba nzima inakuwa na watu wanaofikiri. Usiposema, unafikiri peke yako saa tisa usiku.

Aibu hii ina gharama nyingine, na hii inapimwa kwa kalenda. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, ukiwa umejaza Fomu Namba 1. Mzee wa Mnara wa Saa anazimaliza siku hizo akiuliza bei ya vifaru. Akija kuzinduka, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini amechelewa, na "niliona haya" haimo katika sababu zinazokubalika kwa urahisi.

Kwa hiyo kesho, bila tai, kaa mezani na kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na vigezo vya kuchagua nani aondoke, na azungumze na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na hati ya utumishi. Kama uliajiriwa Mwanza ukaletwa Arusha, kuna gharama ya kukurudisha wewe na mizigo yako, na posho ya kujikimu wakati unaisubiri.

Kiinua mgongo nacho kina hesabu yake, na afadhali uijue ukiwa umeketi: kwa kiwango cha chini cha sheria, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, mwisho miaka 10. Uwe umetumikia miaka 12 au 31, sheria inakuhakikishia siku 70. Nauona ukomo huo kuwa dhuluma kwa watu walioacha ujana wao kazini, na bungeni ungestahili kuangaliwa upya. Ila wakati unangoja Bunge, soma mkataba wako na mkataba wa hali bora wa chama chenu, maana mara nyingi humo mmeandikwa zaidi.

Sasa jambo ambalo ningelipigia kengele kama ningekuwa na kengele. Ukiitwa chumba cha mikutano, ukakaribishwa soda, ukaambiwa kwa upole kwamba itakuwa heshima kwako ukiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, kunywa soda na usiandike. Mwanachama wa NSSF ambaye hajafika miaka 55 na amechangia angalau miezi 18 ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Barua moja ya heshima inakutoa nje ya theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka, na inaharibu pia kesi yako kule CMA.

Ukiwa na miaka 55 mambo ni tofauti. Hapo unaweza kustaafu kwa hiari na kudai pensheni ikiwa umefikisha michango 180, yaani miaka 15. Wa 54 na miezi kadhaa apige hesabu vizuri kabla ya kujaza fomu yoyote, maana miezi michache inaweza kubadilisha fao zima. Malipo ya mkupuo ya pensheni yaliwekwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, na baada ya kelele nyingi za wafanyakazi bajeti ya mwaka 2024 iliyapandisha hadi 35 au 40, kutegemea kanuni uliyokuwa nayo zamani. Nenda dirishani mwenyewe, omba taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi, na utafute mashimo. Mwajiri aliyekata na asipeleke anadaiwa, na ni rahisi kumdai leo ofisi yake ikiwa bado na mlinzi getini.

Kuhusu karatasi, Arusha ina darasa lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, makao makuu yake yakiwa hapa hapa, na watumishi wa reli, bandari, posta, shirika la ndege na sekretarieti wakajikuta hawana mwajiri. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa hapa Arusha mwaka 1984, kila nchi ikabeba wajibu wa kulipa watu wake. Watumishi wa Tanzania zaidi ya 31,000 waliendelea kudai, mahakamani na barabarani, na malipo makubwa yalianza baada ya hati ya makubaliano ya Septemba 2005. Miaka 28! Vijana wa 1977 walifika kwenye uhakiki wakiwa na mikongojo, na wengi waliwakilishwa na wajane na watoto waliodaiwa vielelezo na barua za mirathi. Kila nikisikia mtu amechoma mafaili ya kazini kwa hasira, nawakumbuka wale. Weka barua ya ajira, za kupandishwa cheo, hati za mshahara na barua ya mwisho kwenye faili moja, piga picha kila ukurasa, na mtu mmoja nyumbani ajue lilipo.

Wala usifikiri umechaguliwa wewe peke yako na mji huu. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya Arusha tangu miaka ya 1970, kilinyamaza mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifungwa mwaka 2015 baada ya miaka 20 ndani ya majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, na makarani, wakalimani, madereva na walinzi wakaanza upya. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga, watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama 620,000, na yadi za magari ya safari zikaota majani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na mashirika ya Njiro na Sakina yakaanza kuandika barua kama yako. Ulifanya kazi vizuri. Uamuzi ulifanyika mbali na dawati lako. Mwambie hivyo na mwenzako aliyepunguzwa pamoja nawe, maana yeye pia yuko macho usiku.

Fedha zikiingia, watu nao wataingia. Wa kwanza ni shemeji mwenye Noah. Atakuonyesha hesabu ya Arusha na Moshi, abiria mara safari mara siku 30, na hesabu hiyo haina tairi, haina trafiki, haina dereva anayekuambia Jumatatu kwamba injini "imegoma kidogo." Wa pili ni kijana wa kuku wa nyama: vifaranga leo, wiki tano mbele unahesabu noti. Kuku anawezekana kabisa, lakini chakula ndicho kinachokula faida, na kila mstaafu wa Ngaramtoni hadi Usa River amejenga banda mwaka huo huo na anauza wiki hiyo hiyo ya Krismasi. Wa tatu ana gari la watalii analotaka mkanunue pamoja. Huyo muulize Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimelala barabarani, gari litakula nini, kisha umwangalie usoni.

Ushauri wangu hauna mapambo: kwa miezi sita ya kwanza usinunue chochote chenye injini wala chenye mabawa. Toa ada, punguza deni la benki ukiuliza kwanza kama bima ya mkopo inagusa kupunguzwa kazini, lipia bima ya afya maana ya ofisini imekatika, na zinazobaki zifunge kwenye akaunti ya muda maalumu au hati fungani. Ukitaka kujaribu biashara, anza na kipande ambacho kikifa hakikuui. Mwenye kihamba Poli au Akheri ana bahati: migomba ipo, maji ya mlimani yapo, na ng'ombe mmoja wa maziwa anayetunzwa vizuri atakufundisha zaidi kuliko watano walionunuliwa kwa mkupuo. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, litakuambia bei ya kweli. Nenda ukiwa na daftari, keti karibu na akina mama wanaouza parachichi na karoti, nunua kidogo, uliza mengi, na uwasalimu ipasavyo. Wanajua hesabu ya shamba kuliko mhasibu yeyote mliyekuwa naye ofisini.

Mama uliyestaafishwa, kwako kuna mtego mwingine. Mwezi wa kwanza ukoo mzima utagundua kwamba "sasa upo." Wajukuu wataletwa na mabegi, mgonjwa wa kijijini atashushwa kwako apate kwenda kliniki hospitali ya Mount Meru, na kamati ya harusi itakupa uweka hazina. Wapende wote, lakini tenga asubuhi zako mapema na uzitangaze. Kadi za michango nazo zina jibu la heshima: "Mwaka huu nitachangia kwa mikono." Kisha nenda kweli ukamenye ndizi.

Na siku moja simu ya ofisi ya zamani italia. Yule aliyebaki hajui faili la ukaguzi liko wapi, mfadhili anakuja Alhamisi, "mzee wetu pita kidogo utusaidie." Utafurahi kuliko unavyotegemea, na ni haki yako kufurahi. Sema ndiyo, kisha kabla hujapanda daladala tuma barua fupi: kazi yenyewe, idadi ya siku, malipo kwa siku, nusu kabla ya kuanza, namba ya akaunti. Wakijibu kwa maandishi, nenda. Wakisema mtaelewana mkionana, waelekeze kwa simu ilipo kabati, uwatakie kikao chema, na uendelee kukata majani ya ng'ombe.